Mwaka Uliobaki Sahanini

Asubuhi ya kufungua shule, sketi ya Mpole ilikataa kufika magotini.

Mama Pacha alikuwa amepiga magoti sakafuni na pini mdomoni, na kwanza alidhani makosa ni yake. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Watoto wa wateja aliwapima kila bega na kila kiuno, ila kwa wanawe wawili hakuwa na haja hiyo. Alimpima yeyote aliyekuwa karibu, akalaza vitambaa viwili pamoja, akakata mara moja, na sketi zote mbili zikakaa. Ilikuwa hivyo tangu chekechea. Sasa Spidi alikuwa kizingitini anafunga kamba za viatu, sketi imemkaa inavyotakiwa. Mpole, pacha wake, alikuwa mbele ya kioo, magoti nje, na kifungo cha blauzi kifuani kimegoma kufunga.

"Umeipandisha kiunoni?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Hebu simama vizuri."

"Nimesimama vizuri."

Kweli alikuwa amesimama vizuri. Mama Pacha akafumua upindo wote aliokuwa ameuacha kwa ajili ya mwaka unaofuata, akapiga pasi, akahamisha kifungo. "Umekua," akasema, akaenda kumimina chai. Jana yake, hadi saa za chakula cha mchana, watoto hao walikuwa sawa kwa sawa.

Na jana yake hiyo Kocha alikuwa amekuja nyumbani. Huyu alifundisha timu ya mpira wa pete ya wasichana wa chini ya miaka kumi na mbili, na alikuwa mtu wa maneno laini. Angeweza kukuomba kiti ulichokalia nawe ukamshukuru. Alikuja kwa ajili ya Spidi. Spidi alikuwa na mbio, alikuwa na mkono usiokosa pete, na msimu mzima alikaa benchi. Sababu ilikuwa kalenda. Pacha hao walizaliwa katika siku za mwisho kabisa za Desemba, na katika michezo ya watoto umri huhesabiwa kuanzia Januari mosi. Kwa hiyo Spidi alipangwa pamoja na waliozaliwa Januari ile iliyotangulia, wasichana waliomzidi karibu mwaka mzima, wenye mabega, ambao wakimgusa tu anakwenda kuokotwa nje ya mstari.

"Mama Pacha, mtoto huyu amekosea wiki moja," Kocha alisema. "Angechelewa wiki moja tu tumboni, leo angekuwa nahodha."

"Sikuwa na uwezo wa kumzuia."

"Sasa unao."

Baba Pacha, ambaye alikuwa fundi wa friji na alipenda kitu kikiharibika kiwe na dawa, alicheka na kumpiga Kocha begani. Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Tarehe isogezwe mbele wiki moja, mtoto arudie darasa, basi. Kocha alikuwa na mtu wake huko kwenye vyeti.

"Na mwenzake?" mama aliuliza. "Hawa wametoka pamoja. Mmoja alikuwa bado anafutwa, wa pili huyo."

"Mwenzake anacheza?"

"Hachezi."

"Basi mwache alipo," Kocha akasema.

Wakakubaliana. Mama Pacha alikubali shingo upande, lakini alikubali, na hilo lisemwe sasa ili lisije likasahaulika baadaye alipokuwa akilia. Kisha akapakua chakula. Spidi, kwa furaha, alikula matonge mawili akakimbilia uwanjani, na sahani yake ikabaki na wali zaidi ya nusu.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja tu ambayo haikuwahi kuvunjwa. Chakula hakimwagwi. Spidi alikuwa mtoto wa kubakiza na Mpole alikuwa mtoto wa kutii, kwa hiyo tangu walipoanza kula wenyewe mama yao alikuwa akisema neno lile lile: "Mpole, malizia cha mwenzako." Mpole alimalizia hata akiwa ameshiba, hata akiwa na homa. Ukimwambia kitu mara moja, kimekwisha. Hakuna haja ya kurudia.

Siku hiyo pia aliambiwa, na alimalizia. Ule mwaka ambao Spidi alikuwa ameuacha ulikuwa humo sahanini pamoja na wali, naye akaula.

Kimo na mbio vilibaki kwa Spidi, kwa kuwa hivyo alikwisha kuvila. Kilichoondoka ni umri wenyewe. Hayo yalijulikana mwezi uliofuata, pale chama cha michezo kilipochoshwa na vyeti vya kusogezwa na kuleta mashine ya kupiga picha vifundo vya mikono. Mifupa ya mtoto, walisema, haisogezwi na mtu wa vyeti. Wasichana wakapanga foleni, mkono mmoja mmoja juu ya kioo, na wengi wakarudishwa nyumbani na wazazi wao wakitazama chini. Kocha alikuwa amekaa nje, jasho limeloanisha kola. Picha ya Spidi ilitoka safi. Mifupa yake ilikuwa ya mtoto aliyezaliwa Januari, bila ubishi, na yule mpiga picha akasema angependa zote ziwe hivyo.

Kocha hakuwa mjinga. Alikuja nyumbani jioni ile ile kutoa hongera, akamkuta Mpole anaingiza ndoo ya maji kwa mkono mmoja, amemfikia mama yake begani na uso umetoka chunusi. Kocha alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Huyu huwa anakula nini?" akauliza.

"Anachobakiza mwenzake," mama akasema.

Kocha akanywa chai yake yote, akaaga.

Wiki iliyofuata alikuja mwanamke aliyeitwa Mama Mlinzi, kwa sababu binti yake alicheza ulinzi. Alikuja na binti na bakuli lenye mfuniko. Walikaa sebuleni, wakasalimiana, wakaulizana habari za kazi na za magoti. Kisha binti akafungua bakuli, akala kidogo, akaweka kijiko.

"Mwaka mmoja tu, Mama Pacha," Mama Mlinzi alisema, bila kumtazama. "Mwanangu naye ni wa Desemba, na cheti chake tayari kimesogezwa. Au wako ndiye wa dhahabu?"

Ungemjibu nini mtu huyo, wakati mwanao mwenyewe yuko chumbani anajaribu jezi ya nahodha? Mpole alikuwa amekwisha kuvuta bakuli.

Baada ya hapo walikuja wote. Walikuja kwa adabu, jioni jioni, na bakuli zao na watoto wao waliochanwa nywele vizuri. Alikuja mfungaji wa akiba. Alikuja wa kiungo, na mdogo wake ambaye alikuwa bado hajaamua atacheza nini. Timu za soka za wavulana nazo zikasikia, na kwa wavulana hao baba zao ndio waliokuja, wakiongea kwa sauti kubwa kuhusu mvua. Watoto walibakiza, Mpole akamaliza, wazazi wakashukuru. Hakuna aliyeona ajabu. Waliona bahati, na mtu akiona bahati hana nafasi ya kuona kingine.

Shuleni Mpole alikua haraka kuliko madawati. Kwanza alihamishiwa nyuma ili wengine waone ubao. Kisha akaletewa kiti cha ofisini. Mwalimu wake wa darasa, msichana aliyetoka chuo juzi juzi, alianza kumwita dada, halafu mama, na siku moja alitaka kumtuma chaki akajikuta ameona haya, akaenda kuichukua mwenyewe. Mpole alikuwa na rafiki waliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, na walikuwa wamepanga kufanya mtihani wa mwisho pamoja na kwenda sekondari moja. Rafiki alijitahidi. Alikuja nyumbani mara kadhaa, akakaa ukingoni mwa kochi, akaongea kama mtu anavyoongea na mama wa mwenzake. Mwisho akaacha kuja. Mwalimu mkuu naye alimwita Mama Pacha, akamwambia kwa heshima zote kwamba wazazi wa watoto wengine wanauliza, na kwamba binti yake, samahani, kwamba yule mama, angejisikia vizuri zaidi nyumbani.

Mpole alirudi na begi lake. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila Jumapili jioni alilipanga upya.

Mama Pacha alilia chooni, bomba likiwa wazi. Usiseme hakuwa na uchungu. Uchungu ulikuwa umemjaa hadi hakuweza kukanyaga cherehani sawasawa. Mshono ulikuwa unakwenda upande. Alishona kaptula nzima ya mtoto wa watu na zipu ikawa nyuma. Alipojifuta macho na kutoka, alimkuta mwanawe anamsubiri ukumbini, mwanamke wa makamo, mvi zimeanza masikioni, ana kamba ya kuruka mkononi.

"Mama, magoti yanalia," Mpole alisema. "Nikiruka yanafanya kwa, kwa."

"Pumzika kidogo."

"Nimepumzika tangu asubuhi."

Ile miaka ilikuja mitupu, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Wale watoto walikuwa hawajaiishi. Waliibakiza kabla ya kuigusa. Iliingia kwa Mpole bila sikukuu, bila rafiki, bila hata ugonjwa wa kukumbuka. Aliipata mikunjo bila kicheko kilichoileta. Alipata uzito kiunoni kama mtu aliyezaa, na hakuwa amewahi hata kushikwa mkono na mvulana. Ndani ya kichwa chake alikuwa bado yule mtoto anayejua majina ya mito ya kwenye ramani na kuogopa mbwa wa jirani.

"Mama," aliuliza siku moja wakikunja nguo, "nilipokuwa na miaka ishirini nilikuwa nafanya nini?"

Mama Pacha alikunja shati moja mara mbili.

"Ulikuwa unajifunza kushona," akasema. "Ulipanga chumba na msichana mmoja aliyekuwa anaimba akiwa usingizini. Mlikuwa na sufuria moja. Mlicheka sana."

"Nilikuwa mzuri?"

"Ulikuwa mzuri. Ulikuwa na gauni la njano."

"Halafu?"

Mama akampa zaidi. Alimpa ishirini na tatu yake, alimpa ile safari ya basi ambapo Baba Pacha alimpisha dirishani, alimpa na siku ya kununua cherehani. Mpole aliyapokea yote kwa makini na kuyarudia polepole ili yasimpotee. Baada ya wiki chache Mama Pacha alijaribu kumkumbuka yule msichana aliyeimba usingizini, akaona sura yake imeanza kufifia. Hakujali. Angempa yote kama yangetosha, ila yeye mwenyewe alikuwa na thelathini na kitu tu, na Mpole alikuwa amekwisha kumpita.

Ndipo alipopiga moyo konde. Aliacha kukaribisha wageni sebuleni, na bakuli zikaletwa mlangoni. Alifunga mlango, akamweka Mpole chumba cha nyuma. Baba mmoja wa timu ya wavulana akazunguka, akapitisha biskuti iliyong'atwa upande kwenye nondo za dirisha, na Mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kukataa, akaimaliza na kusema asante.

Jioni hiyo mama alipika mwenyewe, akawaita pacha wote wawili mezani, akamkalisha Spidi mbele ya pacha wake.

"Mpole, mwanangu," akasema. "Leo kula kidogo tu. Bakiza. Mwenzako atamalizia."

Spidi alikuwa tayari, kijiko mkononi. Tuwe wa haki kwa mtoto huyo: alimpenda pacha wake, na uso wake ulikuwa umepauka.

Mpole alikula. Alifika nusu ya sahani akasimama, kijiko juu ya wali.

"Acha hapo hapo," mama akasema. "Weka kijiko."

"Ndiyo, mama."

"Weka, mama'angu. Nakuomba."

"Naweka," Mpole akasema, na kijiko kikarudi sahanini, kikapanda mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mama alishika ule mkono kwa mikono yake miwili, mkono mzito wa mtu mzima, ukamzidi nguvu. "Bakiza hata punje! Hata punje moja, Mpole!" Baba Pacha alitoka nje akasimama barazani. Mpole alimaliza wali, akakusanya mchuzi kwa kidole, akailamba sahani hadi ikawaka. Kisha akamtazama mama yake, akiogopa, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani alikuwa hajatii.

"Sijui kubakiza," akasema. "Nisamehe."

Njia ya kweli walionyeshwa na Mama Mlinzi bila kukusudia. Kazi yake ilihamishiwa mji mwingine. Huko shule mpya ilikuwa imejaa darasa la chini, ikamweka binti katika darasa lake halali, na ili mambo yakae sawa cheti chake kikarudishiwa tarehe ya zamani. Asubuhi ile ile Mpole aliamka kutoka kwenye kiti bila kushika meza, na sikio moja lilikuwa halina mvi. Mama Pacha alipiga simu. Ndiyo, Mama Mlinzi akasema, binti naye ameamka na sauti nzito kidogo na hasira zisizo na mpango. Umri wake umemrudia. Aliongeza kwamba huko hawana timu.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Mama Pacha alivaa viatu akaanza mlango kwa mlango. Alifikiri akisema watu watainuka.

Wote walimkaribisha. Wote walimpa pole, na wengine walitokwa machozi ya kweli. Lakini fainali ilikuwa karibu. Mzazi wa kiungo akasema baada ya fainali. Mzazi wa mfungaji wa akiba akasema mwanawe ndiyo kwanza ameanza kupangwa, amsubiri msimu huu tu. Kocha alimwekea kiti kivulini, akamwambia kwamba timu pinzani zote zinafanya, ila zenyewe hazina mtu wa kupokea, na kwamba kwa kweli Mpole anastahili medali. Baba mwenye biskuti alisema, "Kwani yeye analalamika?"

Angeweza kuanza na wa kwake. Hapo ndipo alipokwama. Chuo cha michezo kilikuwa kimemtaka Spidi, malazi, masomo na kila kitu, mradi awe chini ya umri hadi mwisho wa msimu. Baba Pacha aliongea kwa sauti ya chini, akitazama friji ya mtu iliyofunguliwa tumbo. "Tukimrudisha sasa tutakuwa na mzee mmoja pungufu ya mwaka, na mtoto mmoja asiye na pa kwenda. Wengine wakirudisha, nami narudisha." Na Spidi, alipoulizwa, alilia kwanza.

"Nirudishe, mama," akasema. "Nimekubali. Ila baada ya fainali."

Mama Pacha hakumlazimisha.

Lakini fainali ingekuja na mgeni rasmi, mkubwa wa michezo yote ya watoto. Huyo akisikia, angefuta tarehe zote kwa siku moja, za wasichana na za wavulana, na hakuna mzazi ambaye angemsubiri mwenzake. Mama Pacha alikaa kitandani kwa Mpole akamshika mikono, iliyokuwa sasa imekauka, mishipa juu.

"Nitamwambia," akasema. "Uwanjani, mbele ya watu. Nitamwonyesha wewe. Kila mtu achukue wake."

"Na mimi nitarudi darasani?"

"Utarudi darasani."

"Jumatatu?"

"Jumatatu."

Mpole akaamka akaanza kupanga begi.

Siku ya fainali wazee waliwekewa viti vya mbele, chini ya turubai, na vijana wawili wakamshika Mpole mikono wakamkalisha hapo, begi la shule mapajani. Mama Pacha alikaa kando yake. Mchezo ulikuwa wa upande mmoja. Wasichana wa Kocha walisimama warefu na watulivu kama kina dada waliokuja kuwachukua wadogo zao shuleni, na wale wa upande wa pili waliruka chini ya mikono yao wakigusa hewa. Mmoja wao, mdogo kupita wote, alisukumwa na kuanguka mbele kabisa ya viti, akaamka na goti linavuja damu, akatazama ubao wa magoli, akarudi kucheza. Spidi alifunga hadi watu wakaacha kushangilia kila goli.

"Jina la mto ule mrefu nimelisahau," Mpole alinong'ona. "Jumatatu wataniuliza."

"Hawatakuuliza siku ya kwanza," mama akasema.

Kombe likatolewa. Mgeni rasmi akaanza kupita mstari wa mbele akishika mikono, Kocha nyuma yake, wazazi wamejipanga. Mama Pacha alisimama. Maneno alikuwa ameyapanga tangu alfajiri, ameyasema bafuni, ameyasema njiani. Yalikuwa machache na yanaeleweka.

"Huyu ndiye mama wa nahodha," Kocha akasema.

Mgeni rasmi aliushika mkono wake kwa mikono miwili. Alikuwa na uso mwema, na hilo lilizidisha ugumu. "Hongera sana, mama. Umetuletea mtoto."

Mama Pacha alifungua mdomo. Nyuma ya bega la mgeni rasmi alimwona Spidi amekumbatia kombe, macho yamemtoka, hapumui. Aliwaona wazazi wa kiungo na wa mfungaji wa akiba, na yule baba wa biskuti, wote wanamtazama. Baba Pacha alikuwa anatazama viatu vyake.

Mgeni rasmi akageukia kiti.

"Na huyu mzee wetu?" akauliza, akitabasamu. "Naona amewabebea wajukuu mabegi."

Mpole alikaa wima. Alimtazama mama yake kwa furaha, kidevu juu, kama mtoto anayejua jina linalofuata kusomwa ni lake.

"Ni mama yangu," Mama Pacha akasema.

Mgeni rasmi akainama. "Shikamoo, mama."

Mpole hakujibu. Alikuwa bado anamtazama mama yake, akisubiri, akidhani labda ndivyo inavyoanza. Mgeni rasmi alibaki ameinama. Kocha akakohoa. Watu wa nyuma wakaanza kunyoosha shingo, na mtu mmoja akasema labda bibi hasikii vizuri.

Mama Pacha alimgeukia mwanawe, akapiga magoti kwenye nyasi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mpole akaelewa. Tangu alipozaliwa alikuwa mtoto wa kuambiwa mara moja. Alilishusha begi polepole kutoka mapajani, akalisukuma kwa kisigino chini ya kiti, halafu akaweka mkono wake kichwani mwa mama yake, kama alivyowaona kina bibi wengine wakifanya.

"Marahaba, mwanangu," akasema.